Nimefika Uhuru, je, mgongo wa Franconia wakati wa theluji utanishinda?

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Manchester, New Hampshire, nchini Marekani. Ameandika hivi: "Shikamoo. Wenzangu wanne wa kazini wamenialika tupande Franconia Ridge, mgongo wa milima ulio huku jimboni, Jumamosi moja katikati ya Februari, tukiwa na viatu vya theluji. Wao wameshaupita mgongo huo wakati wa kiangazi, na wawili kati yao wameshatembea na viatu vya theluji msituni. Mimi nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Machame kabla sijahamia huku, na mlima huu hata mita 1,700 haufiki. Je, niende? Nivae nini? Na nifanye nini nisiwe mzigo kwa wenzangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Nenda, ila safari hii msiende kuvuka mgongo. Pandeni njia ya Old Bridle Path mpaka kwenye nyumba ya wapanda milima ya Greenleaf, mle chakula, mtazame mgongo ukiwa mbele yenu, kisha mshuke njia ile ile. Hiyo peke yake ni kilomita karibu 9 na nusu kwenda na kurudi, na kupanda kama mita 750 juu ya theluji. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu anayevaa viatu hivyo mara ya kwanza, na ni siku nzuri kweli kweli. Mgongo wenyewe uacheni hadi mtakapokuwa mmeshatoka pamoja majira haya haya ya baridi zaidi ya mara moja, na siku yenyewe ikubali.

Najua utasema nakudharau. Sikudharau hata kidogo. Mtu aliyetoka kambi ya Barafu usiku wa manane akaukuta mwanga Stella Point, ukingoni mwa kreta, ana moyo na ana miguu. Ninachokuomba ni kuangalia ni kitu gani hasa kilikufikisha pale juu. Kilimanjaro sheria ya hifadhi inakutaka uwe na mwongozaji. Wagumu, yaani wapagazi, walibeba hema, chakula na maji. Mpishi alikuwa na uji wa moto tayari. Na usiku wa kilele kulikuwa na mtu nyuma yako au mbele yako ambaye kazi yake yote ilikuwa kukutazama: unavyopepesuka, unavyojibu ukiulizwa jina lako, kama umeacha kunywa maji. Nimeifanya kazi hiyo kabla ya kuja huku, kwa hiyo najua kiasi ambacho mgeni habebi kichwani mwake kwa sababu kuna mwenzake anambebea. Franconia hakuna mtu huyo. Mko watano, wote marafiki, na hakuna aliyepewa dhamana ya kusema "tunarudi". Urefu wa mlima ni jambo dogo ukilinganisha na hilo.

Sasa tuuangalie mlima. Mzunguko ambao wenzako wanaufahamu unaanzia Lafayette Place, ndani ya hifadhi ya Franconia Notch, kama mita 540 juu ya usawa wa bahari. Unapanda kwa Falling Waters Trail ukipita maporomoko ya maji, unatokea Little Haystack, unaelekea kaskazini juu ya mgongo hadi Mount Lincoln yenye mita 1,551, kisha Mount Lafayette yenye mita karibu 1,600, halafu unashukia Greenleaf na Old Bridle Path. Jumla ni kilomita 14 na zaidi kidogo, na unapanda karibu mita 1,200. Kati ya Little Haystack na Lafayette kuna kama kilomita 2.7 ambazo hazina mti wa kukukinga. Upande wa magharibi ardhi inashuka kwa ghafla hadi barabara kuu iliyo bondeni, na upepo wa huku majira ya baridi kwa kawaida unatoka magharibi na kaskazini magharibi. Maana yake mtu anayetoka Little Haystack kwenda Lafayette anaupokea usoni na shavu la kushoto njia nzima.

Kwetu Kilimanjaro msitu unaishia karibu mita 2,800 hadi 3,000. Huku, kwenye latitudo ya digrii 44 kaskazini, miti inaanza kudumaa na kuisha kwenye mita 1,350 hivi. Baridi ina sehemu yake na upepo una sehemu yake. Ukiona msonobari wenye kimo cha goti lako, matawi yote yameelekea upande mmoja, fahamu umesimama mahali ambapo upepo huvuma hivyo karibu kila siku. Mashariki kidogo, kwenye kilele cha Mount Washington chenye mita 1,917, kituo cha hali ya hewa kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Mwanzoni mwa Februari 2023 kituo hicho kilisoma nyuzi 44 chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo, mwili ulikuwa unapokea baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Uhuru haina baridi ya namna hiyo.

Siku yenu haitakuwa mbaya kiasi hicho, lakini hesabu ya siku ya kawaida inatosha kukuonyesha. Tuseme asubuhi mnapoegesha gari kipimajoto kinasoma nyuzi 11 chini ya sifuri. Kwa kawaida hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Lafayette patakuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka upepo wa kilomita 64 kwa saa, ambao pale juu hakuna atakayeushangaa. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, ngozi iliyo wazi inapokea baridi ya nyuzi 34 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kuvuka mgongo kunachukua zaidi ya saa moja wakati wa baridi, hata kwa wenye nguvu.

Kuna jambo ambalo wenzako huenda hawalijui, na ni muhimu kwako kuliko kwao. Tafiti zilizofanywa kwenye majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwenye vidole vya mikono na miguu kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe, hata wakiwa kikosi kimoja. Hilo halihusiani na ujasiri wala mazoea. Mishipa ya damu ya vidole hujibana mapema zaidi na huchelewa kufunguka. Pia dalili zake kwenye ngozi yetu ni tofauti. Vitabu vingi vya huku vinasema tazama doa jeupe au jekundu. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huwa la kijivu, kama majivu yamepakwa, limepoteza ule mng'ao wa kawaida, na ukiligusa ni gumu kidogo na halisikii kidole. Waonyeshe wenzako kabla hamjaondoka nyumbani, tena kwa maneno hayo hayo, kwa sababu pua yako mwenyewe huioni. Na yale mafuta ya mgando ambayo mama zetu walitupaka kila asubuhi ya kipupwe, yapake kwa ajili ya ukavu tu. Hayakingi kuganda. Yanaufanya uso uhisi joto ambalo haulipati, nawe unachelewa kuvuta kitambaa.

Viatu vya theluji sasa. Ni fremu ya alumini au plastiki ngumu, pana, unayoifunga chini ya buti kwa mikanda. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walivitengeneza kwa mbao zilizokunjwa na kamba za ngozi mbichi karne nyingi kabla ya hivi vya dukani, na kanuni haijabadilika: uzito wako unatawanyika, huzami. Ukiwa na buti tupu kwenye theluji laini ya sentimita 60 utazama mpaka mapajani kila hatua, na baada ya nusu saa nguvu zimekwisha. Vya mlimani vina meno ya chuma chini ya vidole na pembeni, na kisigino kina kijiti cha kuinua. Mwinuko ukiwa mkali, kipindue kijiti hicho kisigino kikae juu, misuli ya nyuma ya miguu itakushukuru. Mkianza kushuka, kirudishe. Tafuta vifupi, vya inchi 22 hadi 25. Virefu zaidi vinafaa uwanda na theluji ya unga, huku kwenye njia nyembamba vinakukwaza.

Kutembea navyo utajifunza ndani ya robo saa. Panua hatua kidogo usijikanyage mwenyewe, maana maanguko ya mwanzo yote yanatokana na hilo. Usirudi kinyumenyume, mkia unazama na wewe unakaa chini. Ukitaka kugeuka, zunguka kwa hatua ndogo ndogo kama unachora duara. Kwenye theluji mpya anayetangulia ndiye anayeumia, kwa hiyo pokezaneni: wa mbele akichoka anasogea pembeni, wengine wanapita, anaingia nyuma. Wewe pia ingia mbele zamu yako ikifika, hata kwa dakika tano. Na msivue viatu vya theluji mkaanza kutoboa njia kwa buti. Mashimo hayo yanaganda usiku, na atakayepita kesho anaweza kuvunjika mguu. Wapanda milima wa New Hampshire wanalichukia jambo hili, na wana haki.

Jambo jingine la msituni: msitoke nje ya njia, hata kwenda haja, bila kujaribu mbele kwa fimbo. Februari kwenye mita 1,200 theluji inaweza kuwa imefunika misonobari midogo yote, ukaona uwanja mweupe ulio sawa. Chini yake matawi yameacha uwazi. Unaweka mguu, ganda linapasuka, unazama hadi kifuani, na kiatu cha theluji kinanasa chini ya tawi kama ndoano. Ukivuta, kinakaza. Ndiyo maana hapa mtu hatembei peke yake mbali na njia. Mwenzako anakuja kutoka pembeni, si kutoka nyuma ulikopitia, analala kifudifudi, anachimba kwa mikono mpaka aufikie mkanda na kuufungua. Mguu unatoka kwanza, kiatu baadaye. Inachukua dakika 10 au 15, na unatoka umelowa, theluji imeingia shingoni na kwenye glavu. Nikiona mtu ametoka humo, tunasimama hapo hapo abadilishe nguo.

Lakini viatu hivi ni vya msituni. Wengi wanaoalikwa "kutembea na viatu vya theluji juu ya mgongo" hawaambiwi kwamba juu kabisa theluji ya kuvitembelea mara nyingi haipo. Upepo umeikwangua, umebaki mwamba, barafu ya bluu, na matuta ya theluji ngumu kama saruji. Hapo vinavuliwa, vinafungwa kwenye begi, na buti zinavikwa kramponi, yaani meno marefu ya chuma, au angalau minyororo yenye meno mafupi kama siku ni nyepesi. Fikiria kazi hiyo: umeinama, glavu nene umevua ili ufungue mikanda iliyoganda, begi linataka kupeperuka, vidole vimebakiza dakika tatu. Kwa hiyo mabadiliko yafanyike chini ya mti wa mwisho, kabla hamjatokeza wazi. Pale pale ndipo mvae koti la upepo, kitambaa cha uso na miwani mikubwa ya theluji, mle kitu, na mwamue.

Hapo kwenye mti wa mwisho ndipo safari yote inapoamuliwa, na ndipo nataka nijibu lile swali lako la tatu, la kuwa mzigo. Nimelisoma mara kadhaa. Sisi tumelelewa kwamba mgeni halalamiki. Ukialikwa, unakula ulichopewa, unakaa ulipoonyeshwa, ukiumwa na kichwa unasema niko salama. Adabu hiyo naipenda na ninawafundisha wanangu. Mlimani wakati wa baridi iache kwenye gari. Mtu anayekaa kimya ili asiwacheleweshe wenzake ndiye anayekuja kuwachelewesha kwa muda wa saa nne, kwa sababu kidole ambacho kingepona kwa kuwekwa kwapani dakika kumi sasa hakihisi kitu, na mtu aliyekuwa anatetemeka sasa ameacha kutetemeka na anasema maneno yasiyoungana. Nimewaona wageni wa Kilimanjaro wakinificha kutapika, na nilikuwa nalipwa kuwatazama. Wenzako hawalipwi, nao watakuwa wamefunika nyuso kama wewe.

Basi semeni kabla, Ijumaa jioni, kila mtu akisikia. Akisema mmoja turudi, tunarudi wote watano, hakuna kupiga kura, hakuna kuulizwa una uhakika. Hakuna kugawanyika, wawili waendelee na watatu washuke. Kila nusu saa, anayeongoza anasimama na kila mmoja anasema hali ya vidole vya mikono na vya miguu: nasikia, sisikii. Kila mtu anamtazama usoni mwenzake mmoja aliyepangiwa. Wewe ndiye uanze. Sema: "Mimi ni mgeni wa theluji, vidole vyangu vinapoa haraka kuliko vyenu, nitasema mapema, na ninyi mseme." Usione haya. Utashangaa jinsi wengine watakavyoshusha pumzi, maana huenda na wao walikuwa wanaogopa kusema. Kama kuna mmoja atakayekunja uso kwa maneno hayo, huyo mapema umemjua, usipande naye.

Nikirudi kwenye ratiba. Katikati ya Februari jua linachomoza pale karibu saa 12 na dakika 45 asubuhi na kuzama saa 11 na robo jioni, na bondeni kivuli kinaingia kabla ya hapo. Muwe mnatembea saa 1 asubuhi. Kwa safari ya Greenleaf, mtakuwa juu kati ya saa 5 na saa 6 mchana. Ikifika saa 7 bado hamjafika, geukeni mlipo. Siku mtakayokwenda mgongoni, saa 5 iwakute Little Haystack. Zaidi ya hapo ni kuteremka mlikotoka. Napenda kuuanzia mgongo upande huo wa kusini kwa sababu moja: mnaupokea upepo usoni mkiwa bado na nguvu, na mkiamua kurudi unakuwa mgongoni. Anayeanzia Lafayette anasukumwa na upepo kwa raha hadi katikati, halafu akitaka kurudi ndipo anagundua alichokuwa anasukumwa nacho.

Kipimo changu kwa kundi jipya ni hiki: utabiri wa vilele ukitaja upepo unaozidi kilomita 50 kwa saa, au mawingu kukaa juu ya vilele, mgongo haupo siku hiyo. Mawingu nayaogopa sawa na upepo. Alama nyeupe za rangi zilizochorwa kwenye mawe zinafunikwa, mafungu ya mawe ya kuonyesha njia yanageuka matuta meupe kama mengine, ardhi na hewa vinakuwa rangi moja, na upande wa magharibi yapo makorongo ambayo theluji yake huporomoka. Watu wenye afya na umri mdogo wamepoteza maisha kwenye mgongo huo kwa kutafuta njia ya kushuka wasiione. Utabiri wa kituo cha Mount Washington kwa ajili ya vilele hutolewa kila siku na ni bure. Usome huo, si ule wa simu unaokupa hali ya hewa ya mjini Lincoln au Franconia. Na jua hili: nyumba ya Greenleaf imefungwa kwa kufuli majira yote ya baridi. Ukuta wake utakukinga na upepo wakati wa kula, basi. Msiiweke kwenye hesabu kama kimbilio.

Mavazi. Pamba isiguse ngozi, hata chupi, hata soksi. Ikilowa jasho inashikilia maji na kukunyonya joto. Chini vaa sufu nyepesi au polista, juu yake sweta la flisi, juu koti na suruali vya kuzuia upepo. Ndani ya begi liwepo koti nene la manyoya ya bata, ambalo hulivai ukiwa unatembea. Ni la kusimama. Anza kutembea ukisikia baridi kidogo. Wageni wote wa theluji wanakosea hapo, wanajifunika kama wanaenda kulala, dakika 20 baadaye wameloa jasho, na jasho hilo ndilo litakalowagandisha saa sita mchana. Fungua zipu, vua kofia, punguza mwendo. Ule mwendo wa polepole uliofundishwa Machame ndio unaotakiwa hapa, ila sababu ni nyingine: kule ni hewa, huku ni jasho.

Mikononi beba jozi tatu: glavu nyembamba za kufungia mikanda, glavu za kutembelea, na zile nene zisizotenganisha vidole, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Zifunge kamba ya mkononi. Glavu ikichukuliwa na upepo imekwenda. Buti ziwe za baridi, zenye nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili nene ndani ya buti inayobana ni mbaya kuliko soksi moja, kwa kuwa damu haipiti. Funika sehemu ya juu ya buti kwa vile vifuniko vya kitambaa kigumu vinavyofika chini ya goti, theluji isiingie. Nywele ukiwa umesuka, hakikisha kofia inafunika masikio yote mawili bila kupanda juu. Wanawake wengi wenye rasta au vilemba hununua ya wanaume, namba kubwa.

Maji: lita mbili kwenye chupa za mdomo mpana, za moto, ndani ya soksi ya sufu, zimewekwa kichwa chini begini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo ukizigeuza mdomo unabaki wazi. Yale mabegi ya maji yenye mrija yaache, mrija unaganda ndani ya nusu saa. Beba chupa ya chai pia, tangawizi na sukari ya kutosha. Chakula kiwe cha kutafunwa kikiwa kimeganda: karanga, tende, kashata. Chapati iliyopakwa siagi ya karanga na kukunjwa ni nzuri mno, ila ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua. Begini inakuwa kama kigae. Kuleni kidogo kidogo kila kituo, msisubiri njaa.

Simu nayo ikae ndani karibu na mwili, betri inakufa kwa baridi. Ramani ya karatasi, dira, tochi ya kichwani kwa kila mtu na betri za akiba, na begi la kulalia au turubai moja la dharura kwa kundi. Mawasiliano ya simu mlimani hayaaminiki kila mahali, kwa hiyo kama mmoja wenu ana kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, kibebwe. Namba ya dharura ni 911. Watakaokuja ni maofisa wa New Hampshire Fish and Game pamoja na watu wa kujitolea, kwa miguu, mara nyingi usiku, na inawachukua saa nyingi kukufikia. Jimbo hilo linaweza kumdai gharama mtu aliyeokolewa kutokana na uzembe. Kuna kadi ya mwaka inayoitwa Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja na 35 kwa familia, inayochangia mfuko wa uokoaji na kukuondolea deni hilo isipokuwa umejiingiza hatarini kwa kutojali kabisa au kwa makusudi. Nunueni wote. Hata kama hamtaihitaji, fedha inakwenda mahali pema.

Kama wenzako watasikitika kwa kukosa mgongo, wape njia mbadala badala ya kukataa tu. Crawford Path hadi Mount Pierce, mita 1,314, kilomita kama 5 kwenda, ina miti inayokukinga karibu mpaka kileleni, na mnapata dakika chache za uwazi wa kuonja upepo, huku mti wa mwisho ukiwa hatua chache nyuma. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1819 na haijaacha kutunzwa tangu hapo. Au Lonesome Lake, ng'ambo ya barabara kutoka Lafayette Place: kilomita 2 na nusu tu, ziwa limeganda, kuna nyumba ambayo hata majira ya baridi ina mtunzaji, na ukisimama juu ya barafu unauona mgongo wote wa Franconia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa Jumamosi ya kwanza ya mtu ambaye hajawahi kufunga viatu hivi, mimi ningeanzia hapo wiki moja kabla, halafu Greenleaf.

Vifaa msinunue. Viatu vya theluji, fimbo, hata kramponi hukodishwa kwenye maduka ya michezo ya mlimani, na ukikodi Ijumaa unapata nafasi ya kuvifunga na kuvifungua sebuleni ukiwa umevaa glavu. Fanya hivyo mara kadhaa, taa ikiwa imezimwa. Fedha uliyonayo weka kwenye buti na koti la manyoya. Hivyo utavitumia hata ukisubiri basi Januari. Utabiri wa Jumamosi ukitoka niandikie tena, unitajie upepo, mawingu na joto la vilele, nami nitakwambia waziwazi kama ningekwenda.